Lalamiko Kuhusu Wateja Wanaokataa Kupanda Gari

Kwa Bwana Bassam,
Meneja wa Madereva.

Pokea heshima zangu. Mimi ni Justus, dereva uliyemtuma mtaa wa Mirdif kwa Bwana na Bibi Morishige, Wajapani waliokwisha kustaafu. Naandika kwa uchungu. Watu hawa wana gari, wana dereva, na wanatembea kwa miguu.

1. Kila alfajiri huenda bustanini, mikono ikipiga hewa. Nilimuuliza Bwana kwa adabu, "Sir, gari lina kasoro?" Akajibu, "Gari ni zima, Justus. Tunatunza magoti." Bwana Meneja, magoti ya watu wazima hutunzwa kwa kukaa.

2. Kwa kuwa kazi yangu ni kuendesha, niliwafuata nyuma polepole. Mlinzi wa mtaa, Yekoniya, ambaye ananijua vizuri, alinisimamisha akauliza mbona nawanyemelea wazee wa watu. Wao wakageuka, wakamwinamia. Yekoniya akainama. Nami nikainama, nikabonyeza honi kwa paji la uso. Mtaa mzima uliamka.

3. Joto lilipozidi walisema niwapeleke mall. Nilimshukuru Mungu. Kumbe wanakwenda kuizunguka ndani, kwenye kiyoyozi, bila kununua hata soksi.

4. Ugonjwa unaenea. Jirani yetu Mama Ashwaq, aliyekuwa akipelekwa kwa gari hadi duka la kona, sasa anatembea nao jioni. Dereva wake, Siraje, anashinda akipangusa gari safi. Mirdif yote ikitembea, khalas, kazi imekwisha, sisi tutarudishwa makwetu, na wewe utakuwa meneja wa nani?

5. Juzi madam alilitazama tumbo langu akasema, "Justus, shuka." Nikashuka, tukatembea wote. Hilo halimo kwenye mkataba.

Naomba basi kampuni iwaandikie kwamba mtu aliyepita miaka sitini asitembee zaidi ya kutoka mlangoni hadi garini. Wakikaidi, nipewe wazee wengine, wenye maumivu ya kweli.

Nisalimie wote ofisini, hasa Mercyline wa mapokezi, na madereva wa Deira ambao wateja wao bado wana akili timamu.

Mtumishi wako mwenye viatu vilivyoisha,
Justus.

Tanbihi: Nasikia anayelalamika huhamishiwa kwenye maghala ya Al Quoz. Tafadhali usinihamishe. Sir amekwenda Japani kumuuguza kaka yake, na madam anasema alfajiri peke yake hatoki, basi natembea naye mimi. Jana nilichelewa, nikamkuta ameketi ngazini, viatu amekwisha kuvaa, analitazama lango. Kwa hiyo barua hii usiijibu.