Sindano Niliyoiacha Imesimama

Leo nimeumbuka. Si kidogo. Nimeumbuka mpaka jasho limelowesha kola ya koti jeupe. Nawaandikia nikiwa stoo ya dawa, nimekalia boksi la dripu, na Kulwa, mwenzangu wa chuo, yuko nje anagonga mlango huku anacheka. Simfungulii.

Kwa msiojua, niko fildi. Chuo chetu ni cha binafsi, kile cha juu ya duka la vipuri vya baiskeli (siku hizi hapa Bariadi aliyepata vyumba vitatu anafungua chuo). Tunasomea utabibu msaidizi, na mafunzo ya vitendo tunafanyia kwenye zahanati moja karibu na soko. Mkubwa wetu pale ni Sista Rhoda. Mama mfupi, haongei sana, ila akikohoa tu wote tunakimbilia kunawa mikono.

Leo ilikuwa zamu yangu kupimwa sindano. Ukifaulu unabaki chumba cha sindano. Ukifeli unarudishwa kukunja gozi za kufungia vidonda na kupanga foleni mapokezi mpaka fildi iishe, na cheti unakisikia kwa wenzako. Jana nimefanya mazoezi kwa kuchoma chungwa mpaka likalegea (tukalila, msiniulize). Nilikuwa tayari, jamani!

Naingia. Mgonjwa yuko kitandani nyuma ya pazia, Kulwa ameshamlaza. Kalala kifudifudi, suruali imeshushwa kidogo, na koti lake kubwa kajifunika kichwa chote. Wazee wetu ndivyo walivyo. Ukimwambia sindano ni ya makalioni, makalio atakubali yaonekane, lakini uso hapana. Akishaficha uso, yeye anahesabu hayupo.

"Plau imemkata mguu shambani," Kulwa akaninong'oneza. "Anaanza penisilini leo."

Sasa, kitu cha kwanza kabisa, ambacho Sista Rhoda ametuimbia mpaka tunakiota usiku, ni kumuuliza mgonjwa jina lake. Mimi nikaona ya nini? Mgonjwa ni mmoja, tako ni hilo hapo, dawa ni hii. Nikaruka. (Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.)

Nikafuta kwa spiriti. Nikaligawa tako mafungu manne kichwani mwangu, nikachagua la juu upande wa nje, kama tulivyofundishwa. Tako likakaza. Na kwa kuwa Sista yuko pale ananitazama, nikataka aone kwamba najua kuongea na wagonjwa. Nikalipiga kofi dogo.

"Legeza, mzee! Mwanaume mzima unakaza kama umebeba gunia la pamba?"

Nikachoma. Ikaingia vizuri ajabu! Nikamwona Sista anaitikia kwa kichwa. Kilichobaki ni kuvuta kidogo kuangalia kama kuna damu, halafu nisukume dawa. Moyoni nilishafaulu.

Ndipo sauti ikatoka chini ya koti.

"Taratibu, mwanangu. Taratibu. Hata ng'ombe hupapaswa kwanza ndipo akamuliwe."

Mungu wangu! Sauti ile! Jumapili tu ilikuwa inaniuliza, kule kijijini kwao Kasoli, kama mabinti wa chuo bado wanajua kupiga magoti. Mzee Ngusa! Baba yake Masanja, na Masanja ndiye mchumba wangu. Yaani baba mkwe mtarajiwa, mtu ambaye kwetu hata kula naye pamoja sithubutu, nimempiga kofi la tako na kumsimanga juu.

Sasa sikilizeni vizuri. Msichana wa Kisukuma, mkwe akitokea, magoti yanashuka yenyewe na kichwa kinapata habari baadaye. Yangu hayakujali kwamba niko kwenye mtihani. Yakashuka sakafuni, puu! Mikono mapajani, macho chini.

"Mwangaluka, baba!"

Na sindano? Sindano nimeiacha! Imesimama peke yake juu ya mkwe, dawa yote imo ndani ya bomba, inatikisika.

Lakini salamu ni salamu, na mzee wa watu akaitika.

"Mwangaluka, mwanangu. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Mama?"

"Mzima, baba."

"Ng'ombe?"

"Wapo, baba. Majani yamepatikana."

Kila akiuliza, bomba linainama na kuinuka. (Nililiona kwa pembe ya jicho. Sitalisahau.)

"Minza!" Sista Rhoda, leo hata kukohoa kasahau. "Unafanya nini huko chini?"

"Nasalimia, Sista."

"Unamsalimia nani?"

"Baba mkwe, Sista."

Upande wa pili wa pazia Kulwa akaangusha trei. (Huyo ndiye rafiki yangu, mnamwona.)

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikiinuka, nitamtazama mkwe akiwa vile alivyo. Nikibaki chini, mgonjwa yuko na sindano mwilini. Machozi yakanilenga. Cheti kinaondoka, nakiona kabisa kinatoka mlangoni.

Mzee akavuta koti likamfunika zaidi, akasema kwa sauti ya mkutanoni:

"Sista, mkwe wangu ameshanisalimia, na ameshatoka. Hapa amebaki daktari. Daktari, chomoa au sukuma, lakini usiniache hivi."

Nikasimama. Na jamani, kwa kuchanganyikiwa, si ndiyo nikakumbuka!

"Jina lako nani, mzee?"

"Ngusa," akajibu, kama mtu ambaye hatujawahi kuonana naye.

Nikavuta, hakuna damu. Nikasukuma polepole. Nikachomoa, nikaweka pamba. Hakuguna hata kidogo.

Akavaa na kuondoka amenipa mgongo, mimi natazama ukuta. Mlangoni akamwambia Sista, "Kesho nakuja ya pili. Anichome huyu huyu. Mkono wake mwepesi, na chuo hakijamharibu."

Sista Rhoda akasubiri hatua zake zipotee. Halafu akaegemea kabati akacheka mpaka akavua miwani. Meno yake nilikuwa sijawahi kuyaona!

"Leo umefeli," akasema huku anajifuta macho. "Jina umeuliza sindano ikiwa ndani, na mgonjwa umemtelekeza. Lakini mwenye tako lake amekuombea, mimi ni nani nikatae? Kesho unarudia. Kwake yeye."

Basi nipo hapa stoo, nimeaibika, ila moyo mweupe kabisa. Kesho nina nafasi yangu, na mgonjwa jina lake tayari nalijua (nitamuuliza hivyo hivyo).

Wenzangu mnaokuja fildi, shikeni hili: salamu kwanza, suruali baadaye. Na wewe unayecheka hapo ulipo, Mungu akujalie mkwe mwenye homa.