Mpima Nafasi

Siku Makadirio alipogundua kwamba wazazi wa mjini wanaliogopa somo la Uchumi kuliko wanavyoogopa njaa, alikuwa kwenye foleni ya duka la fotokopi, akingoja kutoa nakala za tangazo la mafuta ya kuotesha nywele. Biashara hiyo ilikuwa imedorora. Wateja walikuwa na tabia mbaya ya kutazama kichwa cha muuzaji, na kichwa cha Makadirio kilikuwa kimeng'aa kama sufuria mpya.

Mbele yake alisimama mzee mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, amekumbatia cheti cha mwanawe kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

"Kila mtoto anataka Uchumi," mzee alimlalamikia mwenye mashine. "Nafasi chuoni ni chache kama meno ya kuku. Laiti angetokea mtu wa kunipimia nafasi ya mwanangu kabla hatujaomba, ningempa chochote."

Makadirio alilisikia hilo neno "chochote" likiingia sikioni na kuteremka mpaka mfukoni. Akayakunja matangazo ya nywele, akakohoa kikohozi cha kisomi.

"Mzee wangu, shikamoo. Hujasikia kwamba siku hizi nafasi inapimwa kwa mashine?"

Mashine yenyewe ilikuwa kipimo cha presha. Aliipata kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza vifaa vya hospitali bila kuwa na hospitali. Alibandika juu yake karatasi yenye neno UCHUMI, akapanga chumba ghorofa ya tatu, mahali ambapo kodi ni nafuu kwa sababu ngazi ni kali, akaweka meza, viti viwili na picha ya grafu inayopanda. Ya kushuka aliiacha dukani.

Mwenye duka akawa mteja wa kwanza. Alimleta mwanawe, kijana mnene kama baba yake, ambaye hesabu alikuwa akizijua kwa sura tu. Kijana alifika juu akihema kama mvukuto. Makadirio akamfunga kitambaa mkononi, akabonyeza, mashine ikanguruma na kulia.

"Mia hamsini na mbili kwa sabini na nane," Makadirio alisoma kwa sauti ya kanisani. "Namba ya juu ni mahitaji, ya chini ni ugavi. Toa ya chini kwenye ya juu. Nafasi yake ni asilimia sabini na nne!"

"Na hiyo ya tatu inayorukaruka?"

"Mfumuko wa bei. Hiyo isikushughulishe."

Mzee alilia kwa furaha. Alilipa ada, akaongeza bahashishi, kisha akateremka kwenda kumnunulia mwanawe suti na tai. Wazazi wengine waliposikia, wakamiminika. Waliopanda ngazi mbio walifaulu vizuri. Waliopumzika njiani walipata namba za kusikitisha, na hao Makadirio aliwauzia kikao cha kuinua nafasi, yaani waliteremka hadi chini wakapanda tena.

Basi akaja binti mmoja peke yake. Alikuwa wa kwanza katika hesabu shuleni kwao, mtulivu, wa kutembea taratibu, na alizipanda ngazi huku akisoma kitabu. Mashine ikatoa mia moja na moja kwa sabini na tisa.

"Ishirini na mbili," alisema Makadirio, akitikisa kichwa. "Pole, mwanangu. Kuna kikao cha kuinua, lakini kina gharama yake."

"Sina pesa nyingine." Binti aliitazama ile namba. Maisha yake yote alikuwa ameziamini namba, na hazikuwahi kumtupa. "Basi labda niombe kozi nyingine."

"Busara hiyo," alisema Makadirio, na kwa muda mfupi kitu kilimkera kifuani kama mwiba wa samaki. Akakimeza, akamwita mteja mwingine.

Binti alikuwa akiishi na shangazi yake, na shangazi yake alikuwa akitengeneza majeneza. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye macho ya kutazama mtu kuanzia utosini hadi kisiginoni, maana ndiyo kazi. Alimkuta mpwa wake mezani, macho mekundu, akifuta neno Uchumi kwenye ombi lake. Siku ya mwisho ya kuomba ilikuwa kesho yake.

"Nani kakwambia hufai?"

"Mashine, Shangazi. Wanakufunga mkononi, inabana, inalia."

Shangazi alisimama. Kisha akavaa koti lake jeupe la kupakia vanishi, akajaza mfuko vishikio vya shaba, nyundo na msumeno, akatoka.

"Mwanangu!" aliita kutoka chini ya ngazi. "Wewe ndiye mpimaji? Nina mtoto wa kaka yangu anayetaka Uchumi. Hebu nisaidie mzigo huu, ngazi zako si za umri wangu."

Makadirio aliona koti jeupe, akanusa pesa, akashuka mbio. Mfuko ulikuwa mzito kama dhambi. Alipoufikisha ghorofa ya tatu, ulimi ulikuwa nje na kipara kinatiririka jasho.

"Kabla sijalipa," alisema shangazi, akiketi, "jipime mwenyewe nione inavyofanya kazi."

"Hakuna... taabu... mama." Akajifunga kitambaa, akabonyeza. Mashine ikabana, ikanguruma, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa: mia themanini na moja kwa mia moja na kumi na mbili.

Kijitabu cha maelekezo Makadirio alikuwa amekisoma kabla ya kukichana, na alijua namba kama hiyo ni ya hatari. Tabasamu likamkauka.

Shangazi akaitazama namba, akamtazama yeye, akashusha pumzi ndefu. "Unajisikiaje siku hizi?"

"Vizuri tu. Kwani vipi? Wewe ni nesi?"

"Hapana. Mimi huwapokea wakishatoka kwa manesi."

"Ahaa, daktari bingwa!"

"Watu hunisifu, siwezi kukana." Akatoa futi kamba mfukoni, akampima bega hadi bega. "Hmm."

"Hmm nini, mama? Hao wenye namba kama zangu ukiwapokea, wanaendeleaje?"

"Wanatulia. Miaka yote hii sijasikia hata mmoja akilalamika."

Makadirio akaona ajipime tena. Na kwa vile hofu nayo ni ngazi, namba ikapanda zaidi. "Niambie ukweli. Nafasi yangu ikoje?"

"Nafasi ipo," alisema shangazi kwa upole, akimpima sasa kutoka utosini hadi kisiginoni. "Futi sita kwa mbili."

Makadirio akauliza hizo ni futi za nini. Shangazi akamweleza kazi yake waziwazi, bila kuficha neno. Akamwambia kwamba anayejiandalia mapema haachii ndugu zake mzigo, na kwamba ana jeneza moja la mninga, lenye vishikio vya shaba, vile vile alivyovibeba mwenyewe. Mtu aliyeuza asilimia za hewani mwezi mzima akaiamini namba moja kama aya. Akafungua droo, akatoa yote, hata noti iliyokunjwa ya dharura.

"Bado jambo moja," alisema shangazi, akimpa simu yake. "Mwenye safari haondoki na uongo mdomoni. Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ulimpa ishirini na mbili."

Makadirio akashika simu kwa mikono miwili. "Binti... ile mashine ni ya presha."

"Kwa hiyo nafasi yangu ni ngapi?" aliuliza binti.

"Sijui. Hakuna anayejua. Tazama alama zako, tazama waliochukuliwa mwaka jana walikuwa na alama gani. Weka Uchumi kwanza, na chini yake weka kozi nyingine ya akiba."

Ulikuwa ushauri wake wa kwanza wa kweli, na ulimuuma kama jino likitolewa.

"Asante," alisema binti. Alikuwa amelelewa vizuri, akaongeza, "Na pole kwa presha."

Jeneza lilipandishwa chumbani kwake kesho yake asubuhi. Siku hiyo hiyo Makadirio alijikokota hadi zahanati kuaga dunia kitaalamu. Nesi akampima, akampima tena, akamfukuza. "Presha yako ni ya mtoto wa shule. Kuna wagonjwa hapa!"

Akakimbilia kwa shangazi, povu mdomoni. "Nirudishie pesa zangu! Siumwi!"

"Nilisema unaumwa?" Shangazi hakuacha kupiga msasa. "Mimi hurudisha pesa kwa mteja aliyelitumia asiridhike. Leta mmoja."

Wiki zikapita, majibu ya chuo yakatoka. Binti akapata Uchumi. Mtoto wa mwenye duka akapata suti na tai.

Makadirio alikuwa akifungasha ili ahame aliposikia vishindo vizito kwenye ngazi, na sauti ya mzee ikinguruma, "Yuko wapi huyo wa sabini na nne?" Dirisha lilikuwa juu mno, mlango ulikuwa mmoja. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaingia jenezani, akalala chali na kufumba macho.

Mzee akaingia na mwanawe, wote wakihema. Wakasimama ghafla. Hasira ikamtoka mzee kama upepo kwenye tairi. Akavua kofia.

"Masikini! Kumbe alikuwa mgonjwa, na bado akatuhudumia. Hana hata ndugu wa kumlilia." Akajipangusa jicho. "Mwanangu, kimbia dukani, ulete nyundo na misumari mirefu. Tumsitiri leo leo."

"Misumari mingapi, Baba?"

"Usihesabu," alisema mzee. "Leta boksi zima."

Marehemu akainuka.