Doa la Kigimbini na Mashati Arobaini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimelea watoto wanne kwa cherehani ya miguu, na hakuna aliyewahi kuniangalia miguu. Leo binti yangu kitinda mimba kainama kuokota sindano, kaona doa jeusi kwenye kigimbi changu. Makelele! Yeye anafanya kazi maabara ya hospitali. Mtaa mzima unamwita Daktari, kwa sababu mimi ndiye niliyewaagiza.

Akauliza limeanza lini. Nikasema nimezaliwa nalo. Akasema mama, acha uongo, kwenye picha ya mwaka jana lilikuwa kama punje ya mtama, leo ni kama kifungo cha koti, tena kingo zimepindapinda na rangi mbili. Anataka likatwe likapimwe kansa. Nikamjibu nina mashati arobaini ya shule ya kukabidhi Ijumaa. Ugonjwa upange foleni kama wateja wengine.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka na akili. Nikabandika plasta juu ya doa, nikamwambia binti limedondoka lenyewe. Akaibandua bila huruma, akauliza kama limedondokea ndani ya plasta.

Mama Zipu, fundi wa ng'ambo ya barabara, alikuwa mlangoni kwangu kuazima uzi. Alicheka mpaka akatema pini. Akicheka utadhani cherehani isiyojua mafuta.

Mashati yanakwenda mbio, hata hivyo. Karatasi ya vipimo ilichanika zamani, na kuchora nyingine ni kazi ya wanafunzi. Nimekata shati la kwanza, la pili nikalichora kwa kulizungushia chaki la kwanza, la tatu kwa la pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Mama Zipu hana ujanja huu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Aibu! Mwalimu mkuu kayarudisha mashati yote. Kavaa la arobaini mbele ya wateja wangu. Limemtosha, yeye na kitambi chake. Na kola imekaa upande kama mlevi.

Binti akatandaza la kwanza juu ya la arobaini. Kila shati liliongeza unene wa chaki. Na kwenye la kumi na mbili mkasi uliniteleza kolani, basi kola zote zilizofuata zikarithi jeraha lile. Akaniuliza sikuona? Nikasema kila shati nililipima na lililotangulia, na yalifanana!

Akakaa chini. Akasema, ndivyo ilivyo mwilini, mama. Seli moja inagawanyika kuwa mbili, na kila inapogawanyika inanakili maagizo yake yote, ndizo jeni. Katika kunakili makosa hutokea, na jua kali nalo huyaongeza kwenye ngozi. Mengi hayadhuru. Mengine mwili huyarekebisha, na seli iliyoharibika sana hujiua yenyewe. Lakini makosa mabaya yakijikusanya kwenye ukoo mmoja wa seli, na agizo la kusema basi, acheni kugawanyika, likiharibika, zinazaana bila breki. Hiyo ndiyo kansa.

Nikauliza, kosa moja linatosha? Akasema kwa kawaida halitoshi, ni mpaka yawe kadhaa. Nikafurahi. Mimi nina doa moja tu! Mtoto akashika kichwa.

Halafu akauliza kwa sauti ndogo: na hilo doa, kila siku unalipima na lipi? Kila asubuhi naliangalia, kila asubuhi linafanana na la jana.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimekwenda. Ila si kukatwa, nina mpango wangu. Nikapitiliza mpaka maabara, nikavua kiatu, nikapandisha mguu mzima mezani kwenye hadubini, nikamwambia binti atazame bila kisu, kisha aniandikie niko salama. Chupa mbili zikaanguka. Bosi wake akauliza huyu ni nani. Nikasema ndiye niliyemzaa huyu daktari wenu. Binti kanipeleka kwa mpasuaji kanishika mkono kama mwizi wa kuku.

Wamelikata. Nyuzi sita. Nilimwambia mpasuaji mshono wake ni wa mwanagenzi. Akasema mimi ni mgonjwa wa kwanza kumdai pindo.

Binti haruhusiwi kukipima kipande cha mama yake. Nimelalamika sana. Kumbe ndiye aliyeomba iwe hivyo, asije akaona anachotaka kuona.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Majibu bado. Nafumua mashati. Nimechora karatasi mpya, sikusema kwa mtu. Mama Zipu kaja bila kuitwa, kakaa, kafumua kola tisa bila kucheka hata mara moja. Hilo ndilo lililonitisha. Nimemwambia acheke kidogo, akasema pini zimejaa mdomoni. Hazikuwamo.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Ilikuwa kansa.

Ilikuwa! Mpasuaji kasema bado ilikuwa juu juu ya ngozi, haijazama, na wameitoa yote na kingo zake. Ningengoja mavuno mengine, hadithi ingekuwa nyingine. Nirudi kila baada ya miezi mitatu wanikague. Binti alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya kitaalamu, kisha akaenda kulilia nyuma ya mlango wa choo. Nimemsikia. Nimemgongea, nimemwambia daktari halii. Akasema yeye si daktari, mama, mara ngapi! Akanikumbatia mpaka nyuzi zikauma.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Mtaa mzima una habari kwamba nimeishinda kansa kwa muda wa wiki mbili, na kwamba seli zangu hata zikikosea zinakosea kwa bidii. Sasa nakagua watu. Asubuhi hii nimekagua saba, bila miwani. Mama Zipu nimemfungua kola barabarani. Ana kidoti shingoni, nikamtangazia kinahitaji kisu leo leo. Kilikuwa mbegu ya papai. Kakasirika, mwanamke asiye na shukrani.

Ile miadi ya miezi mitatu nimeifuta. Watu wanaohitaji mtaalamu waende. Mimi nitajikagua mwenyewe kila asubuhi, nilinganishe na jana yake.