Fundi wa Uji

Asubuhi hiyo Filipo alikuwa bado amelalia suruali yake. Msidhani ni ulevi. Ndivyo alivyokuwa anapiga pasi. Suruali ikilala usiku kucha chini ya godoro, juu yake mtu mwenye mawazo mazito, inatoka na mstari wa kukatia mkate.

Na mawazo alikuwa nayo. Mzee Bartolomayo wa kijiji cha Zuzu alishasema: mahari ni mbuzi kumi, la sivyo binti yake Priska anaolewa na karani wa stesheni. Maisha yake yote Filipo alikuwa amemiliki kuku mmoja tu, tena wa kuokota.

Akavaa, akaenda kwa Jumbe Methusela kusikiliza kesi. Ilikuwa burudani ya bure. Siku hiyo kashtakiwa Gideoni: ndama wake kaingia shamba la jirani, kala uwele.

"Ndama ni wako?" jumbe akauliza.

"Wangu, jumbe, lakini..."

"Basi na mdomo wake ni wako. Lete mbuzi wawili. Mmoja wa jirani, mmoja wa baraza."

Filipo akalitazama zizi la jumbe. Limejaa. Akatazama pembeni ya zizi, moyo ukaruka.

Palikuwa na gari. La zamani, kuku wanatagia kwenye kiti. Jumbe alilinunua kwa mzungu wa reli aliyekuja nalo kutoka Tanga, na chumvi ya bahari ilikuwa imelitafuna. Injini nzima, ila madigadi ya juu ya magurudumu yametoboka kama chujio, na mlango ukiugonga unamwaga kutu kama ugoro.

"Shikamoo, mzee. Mimi fundi bodi. Nimetengeneza magari ya Wazungu Dar es Salaam."

Gari pekee alilowahi kutengeneza lilikuwa la mti, la mtoto wa dada yake, na gurudumu lilichomoka.

"Marahaba. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakuja mwezi ujao," jumbe akasema. "Nataka nimpokee ndani ya hili. Litapona?"

"Kutu ni jino bovu, mzee. Hulipaki rangi, unaling'oa. Nakata palipooza, naweka bati jipya, nachomelea. Nipe bati, rangi, na mbuzi kumi. Pesa sitaki. Pesa inaharibu udugu."

Mama Yudith, mke wa jumbe, alikuwa anapepeta uwele. Hakuinua macho. "Fundi asiyetaka pesa," akasema. "Haya."

Bati alilopewa na jumbe likalala dukani kwa Vithaldas jioni hiyo hiyo, limeuzwa. Kesho yake fundi akaomba unga wa uwele, "ili chuma kinywe, kilainike," na chumvi, "ya kufukuza wadudu." Akapika uji mzito, akakanda na magazeti, akaziba matundu yote. Jua la Dodoma likafanya kazi ambayo yeye hakuifanya: mpaka alasiri uji umekuwa mfupa. Akapiga msasa, akaanza kupaka rangi ya kijani. Kusema haki, gari lilipendeza. Hata yeye alisimama akajisifu.

Mama Yudith akapita, akakwangua kidole mlangoni ambapo rangi haijafika, akakilamba kama anayeonja mboga. Akaenda ndani kwa mumewe. Filipo akadhani kalamba vumbi tu.

Rangi ilipokauka, jumbe akalizunguka gari mara moja. "Kazi safi. Chagua mbuzi wako."

Filipo akachagua kumi wanene. Alishaanza kumwona karani wa stesheni akilia.

"Giza linaingia, mwanangu," Mama Yudith akasema. "Njia ya Zuzu ina fisi. Lala hapa. Mbuzi wako nitawafunga kando ya gari. Masikini, wiki nzima hawajalambishwa chumvi."

Filipo akala ugali wa watu, akalala fofofo.

Alfajiri akasikia kru, kru, kru. Akatoka mbio. Gari halina madigadi. Mlango una tundu, ndani ya tundu kuna kichwa cha beberu mwenye ndevu za kijani, anatafuna taratibu kama mzee wa kanisa.

Jumbe alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, watu wa baraza wote wapo, Gideoni mbele kabisa.

"Fundi. Mbuzi hawa ni wa nani?"

"Wangu, jumbe, lakini..."

Gideoni alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wamekula mlango wangu."

"Mzee, mbuzi hawali bati!"

"Ehee," jumbe akasema kwa upole. "Hawali bati. Basi wamekula nini?"

Filipo akafikiria ukweli. Akafikiria na jela ya bomani.

"Bati, mzee. Mbuzi wa siku hizi wana njaa."

"Basi na midomo yao ni yako. Mbuzi kumi, warudi zizini."

Alipokuwa anaondoka, Mama Yudith akamkimbilia na kopo la uji uliobaki. "Cha njiani, fundi."

Nyumbani akaandika: *Priska mpenzi, mbuzi wapo ila wana kesi. Usimkubali karani. Nijibu upesi.* Bahasha ilikuwa kuukuu, gundi imekwisha. Akachota uji kwenye kopo, akaibandika vizuri, akaipaka na kwa nje ishike, akampa mtu wa baiskeli anayekwenda Zuzu.

Yule bwana akarudi jioni. "Sikumkuta mtu. Barua nimekuachia pale kwenye lango la zizi lao, wakirudi na mbuzi wataiona."

Kila usiku Filipo analalia suruali yake, asije akaitwa ghafla. Priska hajajibu.