Plagi Nne za Maulidi bin Sabiti

Sogeeni, enyi mlioketi vibarazani nanyi mliosimama kwa kukosa viti. Zimeni redio, wanyamazisheni watoto, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Habari isimuliwayo hapa si ya watemi waliopigania ng'ombe wala ya majemadari waliovuka mito, kwani hao wana watu wao wa kuwasifu. Hii ni habari ya Maulidi bin Sabiti, fundi cherehani wa Shinyanga, Simba wa Barazani, mshika spana ambaye hakuwahi kushindwa kwa kuwa hakuwahi kujaribu. Na jinsi alivyopigana na plagi za gari lake Jumapili moja, katika miaka ile ambayo madukani rafu zilikuwa nyingi kuliko vitu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa yaliyolala. Aliachiwa na Liaquat, mwenye duka la vitambaa, ambaye alilichoka mapema kuliko alivyokiri. Maulidi aliliosha kila Ijumaa na kulisifu kila siku. Kuliwasha tu ndiko kulikomtatiza. Hilo halikumzuia siku ya ndoa yake kusimama mbele ya wazee wa Tabora na kunena kwa sauti ya tarumbeta: "Siku mama mkwe wangu atakapofika Shinyanga, wazee wangu, unyayo wake hautalijua vumbi la mji ule!" Wazee wakaitikia amina, wakala pilau.

Bi Tabu, mama mkwe, akaja. Gari likagoma. Mama wa watu akatoka stesheni kwa miguu, sanduku lake la bati likiwa limepakiwa kwenye keria ya baiskeli ya jirani, Donatus, karani wa ginneri ya pamba. Hakulalamika. Alisimama mlangoni akakung'uta vumbi kwenye buibui lake, polepole, pindo kwa pindo, hata binti yake Mwasiti akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mwasiti ndiye mke wa shujaa wetu, na tangu aolewe kazi yake kubwa ilikuwa kumtetea mumewe kwa ndugu zake. Alikuwa amechoka. Asubuhi ya Jumapili ile alimwambia bila kupepesa macho: "Baba Chausiku, mama anaondoka leo na treni ya alasiri. Akirudi stesheni kwa miguu, Tabora nzima itasema nimeolewa na mwongo, na safari hii sitakuwa na la kuwajibu."

Isitoshe, siku zile serikali, kwa kubana mafuta, ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Vita ilikuwa na saa yake ya kufungwa, kama benki.

Ndipo Maulidi akajivika deraya yake, yaani kaptura na fulana yenye matundu, akaiinua spana ya plagi aliyoiazima, akafungua boneti. Kwa mkono wa hasira akazichomoa nyaya zote nne kwa mkupuo mmoja, kama mtu ang'oaye magugu, wala hakujiuliza ipi ilikuwa wapi, maana mashujaa hawajiulizi. Kisha akazifungua plagi. Lo! Zilikuwa nyeusi kwa masizi kama matako ya sufuria ya shughuli, zimelowa petroli, na mojawapo kauri yake ilikuwa imepasuka.

Ya kauri iliyopasuka ilipata mrithi. Katika sanduku la Mwasiti, ndani ya khanga ya harusi, ililala plagi mpya iliyoletwa kutoka Nairobi, ikitunzwa kuliko dhahabu ya Mwakitolyo. Zile tatu Maulidi alizisugua kwa msasa mpaka vidole vikamwasha. Lakini kila dereva wa zama zile alijua kwamba plagi iliyolowa haitoi cheche mpaka ipitishwe motoni, na moto pekee uliokuwa ukiwaka nyumbani mle ulikuwa jikoni, chini ya kuku wa safari, na mbele ya kuku huyo ameketi Bi Tabu.

Hapa ndipo ushujaa ulipomwishia. Mkwe hajitomi jikoni aliko mama mkwe wake, tena na kaptura. Afadhali amkabili chui, ambaye walau hatapeleka habari Tabora. Maulidi akatuma ubalozi. Plagi zikapangwa juu ya sahani, zikafunikwa kawa, na Mwasiti akaingia nazo kwa adabu zote.

Bi Tabu akafunua kawa. "Mwasiti, mwanangu, kitoweo gani hiki?"

"Plagi, mama. Baba Chausiku anaomba moto."

Nyuma ya pazia la mlango Maulidi alijitutumua akahutubia: "Shikamoo, mama! Usitazame vyuma, mama, itazame heshima yako! Vyuma hivi vikipata moto wako, kesho historia itasema kwamba..."

"Mwasiti," Bi Tabu akamkata, maana hakuwa na desturi ya kusemezana na mkwe ana kwa ana, "mwambie mwenzio marahaba. Kisha mwambie historia haina haraka, ila kuku huyu hapendi kunuka petroli."

Halafu kwa mkono wake mwenyewe akaiepua ile sufuria, kuku akiwa hajaiva, akaziweka plagi juu ya makaa kwa koleo, moja moja. Maulidi alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Plagi zikatoka motoni kavu na safi. Akazisubiri zipoe, akapima nafasi ya ncha zake kwa wembe wake wa kufumulia mishono, akazikaza kwanza kwa vidole, kisha kwa spana. Akarudisha nyaya kama alivyodhani, akaketi kwenye usukani, akataja jina la Mungu, akawasha.

Gari likajibu kwa mshindo wa baruti. Kuku walio hai wakapanda ukuta. Donatus, aliyekuwa amefika na baiskeli yake kwa huruma ambayo hakuna aliyeiomba, akaangukia mgomba.

"Mayu wee!" akalia, kisha akajipangusa na kujikohoza. "Ndugu Maulidi, nasema haya kwa unyenyekevu. Baiskeli haina plagi. Baiskeli haina masizi. Keria ipo, na mama yetu si mzito."

"Mama mkwe wangu apande keria?" Maulidi akanguruma. "Labda nife kwanza!" Akawasha tena, na mshindo wa pili ukawa mkubwa kuliko wa kwanza.

Mwasiti akainama kwenye injini. "Baba Chausiku, mbona waya huu umekazwa kama kamba ya mbuzi, na huu mwingine umelegea mpaka unalala?"

Maulidi akautazama waya uliokazwa, akautazama uliolegea, akakumbuka kazi inayomlisha. Ule mfupi ulikuwa mkono wa shati uliovishwa mtu mrefu! Aliyezikata nyaya zile aliipimia kila plagi kipande chake. Akazibadilisha mahali zile mbili, kila mmoja ukakaa mahali pake bila kuvutwa wala kupwaya. Akawasha, na gari likanguruma, likatetemeka, likaendelea kunguruma. Mwasiti alicheka huku machozi yakimtoka.

Msafara ukaondoka, Bi Tabu nyuma na sanduku lake, kuku ambaye hakuiva akiwa mapajani. Njia ilikuwa fupi, kiasi ambacho mbuzi mvivu angeimaliza bila kupumzika, na Donatus aliwapita kwa baiskeli kabla hawajafika nusu. Lakini walifika kabla ya saa nane, na unyayo wa Bi Tabu ukatoka garini ukakanyaga saruji ya stesheni. Treni ilikuwa bado haijatoka Mwanza.

Wakati shujaa akipokea habari hiyo, saa ya ukutani iligonga nane. Askari akalionyesha gari kwa kidole, akamwonyesha Maulidi barabara, akatikisa kichwa. Hakuna sheria iliyokataza kusukuma. Basi Maulidi akafungua mlango, akashika usukani kwa mkono mmoja, akaliegemea gari lake zima kwa bega na kuanza kulisukuma mbele ya abiria wote wa jukwaani.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Leo tena limekufa!" mmoja akapaza sauti. "Mpeni ng'ombe wawili walivute!" akajibu mwingine. Donatus alipiga kengele ya baiskeli. Maulidi alifumbua kinywa aape kwamba liliwaka, akakifumba, maana alijua ni nani angemwamini mtu kama yeye.

Ndipo Bi Tabu, aliyeishi miaka yake yote bila kupaza sauti mbele ya wanaume, akapanda juu ya sanduku lake la bati.

"Nyamazeni!" akasema, nao wakanyamaza. "Linawaka! Nimelipanda mimi, limenileta mpaka hapa, sikukanyaga vumbi. Anayelisukuma ni mkwe wangu, na Tabora nitasema hivyo hivyo." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake, akamtazama usoni na kumwambia yeye mwenyewe: "Nenda salama, baba."

Na ijulikane basi, enyi wa Shinyanga na wa Geita na wa pande zote ambako magari hulala chini ya turubai, kwamba plagi zilitiishwa siku ile na neno la mwanamume likatimia. Maulidi alilisukuma gari peke yake mpaka nyumbani, kilima kikiwemo, na waliompita njiani wanasema alikuwa akiimba.