Kazi Yangu Ilikuwa Kwenye Taka

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nimeifuata aibu kwa miguu yangu mwenyewe.

Wiki sita zilizopita niliomba kazi kwenye kampuni moja hapa Mwanza inayouza injini za mitumbwi. Nafasi yenyewe: msaidizi wa TEHAMA. Nina diploma. (Ipo ukutani sebuleni kwangu Buswelu, kwenye fremu. Wageni huisoma watake wasitake.) Nikatuma maombi kwa barua pepe, nikakaa kusubiri kugombewa.

Kimya.

Wiki ya kwanza nikasema wana shughuli. Wiki ya tatu nikasema hawajui kazi. Ya tano nikawa namwambia kila mtu kwamba nafasi kapewa mpwa wa bosi. Mke wangu, Nyamizi, peke yake ndiye aliyeuliza, "Una uhakika hawajajibu?" Nikamtazama kama vile ameniuliza ziwani kuna maji.

Basi leo asubuhi nikavaa shati la harusini, nikaenda kuwapa ukweli wao.

Mapokezi palikuwa na watu kama saba, wengi wavuvi waliofuata vipuri. Mezani mama mtu mzima, miwani puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikusaidie nini?"

Nikapandisha sauti ili wote wafaidike. "Kampuni kubwa kama hii inashindwaje kumjibu mtu hata neno moja? Watu tumesoma! Kama kazi ni za ndugu, msitangaze!"

Mvuvi mmoja akatikisa kichwa, "Kweli kabisa." Nikazidi kuvimba.

Mama akaniuliza jina, akalichapa kwa kidole kimoja. (Kidole kimoja! Moyoni nikasema ndiyo maana hawajibu.)

"Kulwa? Mbona tumekuandikia mara tatu?"

"Haiwezekani."

"Umeangalia kwenye spam?"

Mimi! Kuulizwa hilo na mtu wa kidole kimoja! Nikacheka kwa dharau. "Mama, hayo mambo mimi ndiye huwafundisha watu."

"Basi fungua tuone."

Nikafungua kwa madaha, simu nimeiinua juu ili aone vizuri kwamba hamna kitu.

Kitu kilikuwemo. Katikati ya tangazo la dawa ya kuotesha nywele na mjane wa ng'ambo anayetaka kunirithisha mali zake, barua tatu zimejipanga. Mama akazisoma kwa sauti, taratibu, kama matangazo ya kanisani: "Umechaguliwa kufanya usaili. Kumbuka, usaili ni kesho. Tunasikitika hukufika."

"Sasa zimeingiaje huku?" akauliza, akaigusa moja. Simu ikanisemea yenyewe: mtumaji huyu uliripoti kuwa ni taka.

Nikakumbuka. Siku niliyoomba, walinijibu papo hapo, "Tumepokea maombi yako." Nikaona wananijazia simu. Nikabonyeza taka bila hata kusoma jina.

Yule mvuvi wangu akamgeukia mwenzake. "Kumbe aliyemnyima kazi ni yeye mwenyewe!"

Mama hakucheka. Afadhali angecheka. Alinielekeza kama mjukuu wake: "Bonyeza hapo, 'Si taka.' Haya. Sasa hifadhi anwani yetu kwenye majina yako, ili siku nyingine zisipotee." Nikabonyeza. Nikahifadhi. Msomi mzima!

Nikauliza kwa sauti ya mbu kama nafasi bado ipo.

"Imeshapata mtu, tena si ndugu wa mtu. Ila tunafungua duka Buhongwa, huenda tukahitaji mwingine. Nitakuandikia."

Nimeshika kitasa cha mlango, akaniita. "Kulwa! Au nikupigie tu?"

Wavuvi waliangua kicheko mpaka mmoja akadondosha propela.

Ndiyo nimetoka huko sasa hivi. Mtakaocheka, chekeni kimya kimya: habari hii Nyamizi bado hajaipata, na yule mwanamke husoma kila anachotumiwa.