Asilimia Mia na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Siwezi kutulia. Mkuu wa karakana ametangaza: kigeuzi cha umeme kitakachopoteza umeme kidogo zaidi kitafungwa kwenye friji ya chanjo ya zahanati, na mtengenezaji wake ataongoza meza yetu. Tunaoshindana ni wawili tu: mimi na Sindano, dada mkimya anayepima kila kitu mara tatu. Lakini leo nimepata swichi za galiamu nitridi. Ndogo kama punje za mchele! Zinawaka na kuzima mara milioni kwa sekunde, na joto lake kidogo. Sindano kwisha habari yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimeng'oa swichi kuukuu, nikaweka mpya palepale, kwa waya zilezile ndefu. Sindano akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba swichi za kasi hivi zinataka njia fupi, la sivyo umeme utarukaruka na kuziua. Nikamjibu sikuanza kulehemu jana. Nikawasha. Pa! Nne zimekufa. Nimezunguka karakana nikitafuta wa kumlaumu.

Jumatano, 5 Machi
Nimebakiwa na mbili. Zinafanya kazi, ila ufanisi ni asilimia tisini na moja tu. Mke wangu, muuguzi wa zahanati hiyohiyo, ameuliza kama chanjo zitakuwa salama. Nikamwambia aondoe shaka. Akasema shaka ndiyo kazi yake.

Alhamisi, 6 Machi
Akili ni mali! Nimepitisha waya mmoja chini ya meza. Sehemu ya umeme inaingia bila kupita kwenye mita ya kuingilia. Mwendo wa paka.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Mkuu alisoma mita mbele ya wote: asilimia mia na nne. Akaniuliza taratibu, "Umeingiza mia, umetoa mia na nne. Hizo nne amekuchangia shangazi yako?" Sindano akainama, akauvuta waya. Walicheka hadi mlinzi akaja. Kigeuzi chake, chenye swichi kama zangu: tisini na saba. Nyumbani mke wangu hakucheka. Alisema Sindano alifika zahanati mara mbili kuipima friji; mimi, mume wa muuguzi, sijafika hata kuchungulia.

Jumamosi, 8 Machi
Sindano, sasa kiongozi wangu, amenipa swichi mpya na mchoro wa njia fupi. Hakunisimanga hata kidogo. Mchoro mzuri, ila una kazi! Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona: tamaa. Tisini na tisa ingetosha kabisa. Nimeshaagiza waya mwembamba zaidi.